Kadi ya Chini Kabisa

Machi 4
Mvua za kwanza. Mjukuu wangu amenipa daftari lake la vipimo vya nguo, maana kurasa nyingi zimebaki. Mistari ya kifua, kiuno na mabega ameshaichora, nami naandika juu yake. Daktari aliyeniona wiki iliyopita hakuzungukazunguka: moyo umechoka, miguu imejaa maji, nisipange mambo ya mbali. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na minne. Maneno hayo nimewaambia wengi, najua uzito wake.

Nina jambo moja la kusema kabla sijaondoka. Nikilisema kwa mdomo nitalipamba. Nikiliandika, huenda likatoka lilivyo.

Leo nguvu zimeishia hapa.

Machi 5
Mvua. Nimelala.

Machi 7
Chumba changu kiko nyuma, na mlango wake unatazama chumba cha mbele, penye cherehani. Mjukuu wangu ni fundi. Siku nzima nasikia mguu wake ukikanyaga, ukisimama, ukikanyaga tena, na kwa mlio huo najua kama anashona suruali au anapinda pazia. Mumewe huoka mikate. Hurudi saa tatu asubuhi, unga umemjaa kwenye nyusi, na hupita kwangu kabla hajanawa.

"Umeamkaje, mume mwenzangu?"

"Nimeamka. Pole sana."

"Basi nitangoja. Mke sigawani na mtu."

Ni utani wetu wa siku zote. Mjukuu ni Bi Mkubwa wangu, na binti yao wa miezi tisa ni Bi Mdogo. Huyo mwoka mikate ni mwizi tuliyemkaribisha ndani wenyewe.

Kila alasiri huja jirani wa kike wa nyumba ya tatu, mwalimu mstaafu, aliyemfundisha mjukuu wangu kusoma. Sote tunamwita Mwalimu. Yeye huniita Daktari, ingawa sikuwahi kuwa daktari. Huketi kwenye kiti cha wateja, akampakata mtoto, akaniuliza habari za miguu yangu. Jambo langu ni lake. Ndiye niliyemkosea, naye hajui.

Machi 9
Nimetapika uji. Sikuandika.

Machi 12
Bi Mdogo ameamka na homa. Mamaye alimleta mbio, pini tatu bado zimechomekwa kifuani kwa gauni lake.

"Babu, thelathini na tisa na ushei."

"Weka hicho kipimo chini. Nipe mtoto."

Mtoto alinishika miwani akaivuta. Makamasi yanamtoka. Nilimtolea ulimi, akacheka, akanitolea wake.

"Amenyonya?"

"Amenyonya, na kuniuma ameniuma."

"Nepi?"

"Mbili tangu alfajiri, na zote zimelowa kweli."

Nilimfunua tumbo nikamtazama anavyopumua. Mbavu zilikuwa zimetulia. Viganja vyake vilikuwa vya moto, na rangi yake ilikuwa nzuri.

"Ni mafua," nikasema. "Mvue sweta, umnyonyeshe mara kwa mara, na akisumbuka mpe ile dawa ya homa. Lakini usiangalie kipimo ukaacha kumwangalia mtoto. Akiacha kunyonya, akilegea, akipumua mbio, akiwa mgumu kuamka, hatungoji kitu. Angekuwa chini ya miezi mitatu, tungekuwa njiani sasa hivi hata kama anacheka."

Mwalimu aliingia huku mwavuli unachuruzika. Akamgusa mtoto paji la uso kwa mgongo wa mkono.

"Huyu anaungua. Mbona bado mko nyumbani?"

"Babu amesema mafua."

"Na mafua yakigeuka?"

"Mwalimu, wewe mtoto akipiga chafya tu unataka ambulensi."

Mwoka mikate alicheka kutoka kitandani kwake. Mjukuu alicheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, asiwaharibie.

"Nilichelewa mara moja," akasema. "Mara moja inatosha."

Nilijigeuza nikatazama ukuta. Walidhani nataka kulala.

Machi 13
Thelathini na nane. Anacheza na vibiringo vya nyuzi chini ya meza ya kukatia.

Machi 15
Homa imekwisha. Mkwe wangu, yule mwoka mikate, ananisifu: "Bwana Kipimo hajazeeka." Ndilo jina nililopewa kazini, kwa vile kipimajoto kilikaa mfuko wa shati langu pamoja na kalamu. Wazazi hawa wamekuwa wakiuliza namba tangu mtoto azaliwe, kwa sababu namba ndiyo niliyomfundisha mjukuu wangu tangu akiwa mdogo. Ya Machi 12 niliyasema vizuri. Nimeyasema miaka arobaini na moja baada ya kuhitajika.

Machi 20
Leo nitaandika mpaka mwisho.

Nilikuwa muuguzi wa mlangoni katika kituo cha afya chenye daktari mmoja na benchi nne. Msimu wa mvua watoto wenye homa walifika sitini, sabini, kwa asubuhi moja. Mwenye mama wa sauti kubwa ndiye aliyetangulia. Nikabuni utaratibu. Kila mtoto alipofika alipewa kijiko cha dawa ya homa na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Baada ya saa moja nikampima, nikaandika namba kwenye pembe ya kadi, nikapanga kadi kutoka namba kubwa hadi ndogo. Daktari alichukua ya juu kwanza.

Benchi zilitulia. Akina mama walishukuru. Wakaguzi walikuja, wakauandika utaratibu wangu, na vituo viwili vingine vikauiga. Hakuna aliyeuliza, nami sikujiuliza: ikiwa nimeipoza homa kwanza, ninachopima baadaye ni nini? Tulikuwa tunawapanga watoto kwa namna walivyoitikia dawa, na tukaamini tumewapanga kwa ugonjwa. Mtoto wa mafua yaliyokaidi alikwenda juu. Mtoto mwenye sumu ndani ya damu, aliyepoa kidogo, akashuka chini.

Asubuhi moja alikuja mwalimu kijana na mwanawe wa kwanza, mvulana wa wiki saba. Alifika saa mbili na dakika kumi. Alisema homa ameiona alfajiri. Kijiko, kitambaa, saa moja. Thelathini na saba na pointi nne. Mtoto wa wiki saba mwenye homa hapaswi hata kuketi benchi. Chuoni niliulizwa swali hilo kwenye mtihani, nikapata. Lakini kadi ilisema vile, nikaiweka chini kabisa.

Alikuja mezani kwangu mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Hanyonyi." Nikamwambia amechoka. Mara ya pili alisema, "Analia kwa sauti ambayo si yake." Nikamwambia arudi akaketi. Mara ya tatu alisema, "Halii tena." Nikamwambia, nakumbuka hata nilivyokuwa nimeshika kalamu, "Basi ametulia. Mama, kipimo hakidanganyi."

Ni kweli hakikudanganya. Kilijibu nililokiuliza. Sikumwuliza mtoto.

Saa nne na nusu alikuja tena, akamlaza juu ya kadi zangu. Daktari alifanya alichoweza. Ilipofika saa tano yote yalikuwa yamekwisha. Daktari aliichukua ile kadi akaisoma. "Saa mbili," akasema. "Alikuwa na nafasi, huyu." Halafu akaita mwingine, maana nje walikuwa bado arobaini.

Mama aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama karibu. "Nimekosea wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia, "Umechelewa, mama. Homa hii ilianza jana, wewe hukuiona."

Jioni niliandika kadi mpya. Kwenye nafasi ya muda wa kufika niliweka saa nne na robo.

Wiki iliyofuata niliacha kutoa kijiko kabla ya kupima, nikaanza kupita benchi kwa benchi nikitazama nyuso. Sikumweleza mtu sababu. Wakasema Bwana Kipimo ameongeza bidii.

Nilipohamia mtaa huu kwa mwanangu, miaka ishirini iliyopita, nilimkuta mama huyo nyumba ya tatu. Alinitambua kabla sijamtambua. Akawaambia watu waliokuwepo, "Huyu ndiye aliyeniambia ukweli siku wengine waliponibembeleza." Hakuzaa tena. Wanafunzi wake wote waliowahi kupata joto aliwapeleka hospitali, wengine amewabeba mgongoni, na mtaa ukamfanya kichekesho. Woga huo mimi ndiye niliyeupanda.

Nimeamua daftari hili apewe nikishazikwa.

Machi 21
Nimeyasoma ya jana. Mstari wa mwisho ni wa mwoga. Nimeuacha ulivyo.

Machi 26
Mvua haijakata siku nne. Mteja wa suti amekuja kujaribu koti, viatu vyake amevishika mkononi. Anasema njia ya bondeni maji yanafika magotini.

Machi 29
Mwalimu hakuja. Mafua.

Machi 30
Mwalimu kaja. Ameninyoa ndevu. Alinishika kidevu kama mwanafunzi wake, akasema, "Tulia, Daktari, nisikukate." Nilitaka kumwambia, nikamwinulia kidevu. Akanisifu kwa kutulia.

Aprili 3
Haya ni ya jana.

Asubuhi mtoto alikuwa na thelathini na nane na pointi tisa. Hawakuniamsha, nilikuwa nahema vibaya tangu juzi. Walimpa dawa. Ilipokaribia adhuhuri nilimsikia mkwe akisema, kwa furaha, "Thelathini na saba na tatu. Imeshuka." Nikasikia cherehani ikianza tena. Nilisinzia.

Niliamshwa na sauti ya Mwalimu. Alikuwa amekuja kuchukua blauzi yake.

"Amelala tangu saa ngapi huyu?"

"Tangu asubuhi," mjukuu alisema. "Homa imeshuka, Mwalimu, muache apumzike."

"Amenyonya?"

"Kidogo. Hakutaka."

"Mpelekeni."

"Mwalimu, na wewe."

"Nimesema mpelekeni."

"Kwenye mvua hii?" Huyo alikuwa mkwe. "Mtoto ana nafuu, tumtoe nje akalowe tumzidishie? Maji bondeni yamefika wapi? Tungoje ipungue, hata kesho asubuhi."

Cherehani haikusimama. Nilisikia hatua za Mwalimu zikienda kuelekea mlango wa nje. Alikuwa amezoea kutosikilizwa.

Nilimwita mjukuu kwa sauti yote niliyokuwa nayo. "Mlete kwangu. Sasa."

Walimleta wote watatu. Mtoto alikuwa mzito mikononi mwangu, na mtoto mwenye usingizi wa kawaida hawi mzito namna ile. Nilimkuna nyayo. Alikunja uso, hakufungua macho. Mwili vuguvugu, lakini mikono na miguu baridi. Nilimbana kucha nikaachia, nikahesabu, na rangi ilikawia kurudi. Alikuwa akipumua mbio na kila pumzi inaishia kwa kuguna, mbavu zikiingia ndani. Utosi umejaa chini ya kidole changu. Nepi ilikuwa kavu.

"Hii umembadilisha lini?"

"Asubuhi," akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Mpelekeni hospitali, kubwa, siyo zahanati. Dakika hii."

"Babu," mkwe alisema, kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonitisha, "wiki tatu zilizopita alikuwa na thelathini na tisa ukatuambia tukae. Leo thelathini na saba unasema twende. Wewe hujalala vizuri. Kipimo hiki hapa."

Mjukuu alimtazama mumewe, akanitazama mimi. Miaka yote, ili nisilazimike kueleza kwa nini niliacha kukiamini, nilikuwa nimemwambia kipimo hakidanganyi. Niliona anachagua, na aliyekuwa akielekea kumwamini alikuwa mimi wa zamani.

Mwalimu alikuwa amesimama kizingitini, mwavuli mkononi.

"Niliwahi kumwua mtoto kwa namba hiyo," nikasema.

Mkwe alikishusha kipimo.

"Nilimpa dawa kwanza, nikampima baadaye, ikasoma thelathini na saba na nne. Nikaiweka kadi yake chini kabisa. Mama yake alikuja mara tatu akaniambia hanyonyi, nami nikamrudisha benchi. Alikuwa amefika saa mbili asubuhi. Kisha nikamwambia amechelewa." Nilikuwa nazungumza na mwoka mikate, maana sikuweza kumtazama mwingine. "Mama huyo amesimama nyuma yako. Hakuchelewa hata kidogo. Dawa imeshusha joto, haijagusa ugonjwa. Nenda."

Mkwe aligeuka akamtazama Mwalimu. Nami nikamtazama. Uso wake haukuwa na kitu. Alitua mwavuli chini, akaja mpaka kitandani, akamchukua mtoto mikononi mwangu bila kunigusa vidole.

"Vaa viatu," akamwambia mjukuu. "Na wewe, gari la mikate liko wapi?"

"Kiwandani."

"Kimbia."

Alikimbia. Gari lile ni refu kwenda juu, maji ya bondeni hayakulishinda. Walimfunika mtoto kwa turubai la meza ya kukatia, Mwalimu akakaa nyuma naye katikati ya makreti. Nilisikia mlango ukifungwa. Kisha nikabaki na mvua na taa ya cherehani waliyosahau kuizima.

Nilingoja kwa muda wa saa tano na nusu. Katika maisha yangu nimewangojesha watu wengi kwenye benchi. Sikujua dakika zina urefu ule. Nilijaribu kuhesabu matone, nikajaribu dua, nikaona nafanya biashara na Mungu, nikaacha. Nilijiambia: akifa, nimesema kwa kuchelewa, na neno hilo litakuwa langu kwa haki. Hatukumpima Bi Mdogo vibaya. Nilichokosa ni kumwuliza mtu, niliposikia homa imeshuka, mbona hacheki leo.

Mkwe alirudi akiwa amelowa mpaka shingoni, akaketi sakafuni karibu na kitanda.

"Wamemtia dripu. Wamemchoma sindano ya mgongo. Ni homa ya uti wa mgongo, na damu imeingia vijidudu. Daktari amesema tungengoja asubuhi tusingekuwa na mtoto."

"Anapumua?"

"Anapumua." Alijipangusa uso. "Babu, alifungua macho. Akamtazama mamaye."

Baadaye nikamuuliza kuhusu Mwalimu.

"Amekaa naye. Njia nzima alikuwa akimhesabia pumzi."

Aprili 4
Bado yuko hatarini.

Aprili 5
Amenyonya.

Aprili 8
Mjukuu amekuja kuoga na kubadilisha nguo. Aliingia kwangu akasimama. Hakuniita Babu, hakuniita mume. Akasema, "Ulipaswa kumwambia zamani." Nikasema ndiyo. "Amenifundisha kusoma, huyu. Nami nilikuwa namcheka." Nikasema ndiyo. Kisha akanigeuza upande, akanitandikia shuka safi, akaondoka.

Aprili 11
Mwalimu hushinda wodini kila siku, naambiwa. Hupita mbele ya nyumba yetu kwenda na kurudi. Nazifahamu hatua zake. Hazipungui mwendo.

Aprili 13
Bi Mdogo amerudi. Wamempima masikio, anasikia. Amekonda, ana hasira, amenitupia kijiko. Siku nzuri.

Aprili 14
Nimemwomba mkwe ampelekee Mwalimu daftari hili, asome ya Machi 20. Amelirudisha. "Amesema hataki maandishi yako."

Aprili 17
Amekuja asubuhi, si alasiri. Aliketi kwenye kiti cha fundi, mbali kidogo na kitanda. Hakuniamkia.

"Yule daktari," akasema. "Siku ile alisema chochote?"

"Alisema."

"Maneno yake. Ya kwako sitaki."

"Aliisoma kadi yako. Akasema: 'Saa mbili. Alikuwa na nafasi, huyu.'"

"Rudia."

Nilirudia. Akaniambia nirudie tena, nikarudia, na kila mara niliyaacha maneno yalivyo.

Chumba cha mbele cherehani ilikuwa imesimama. Mtoto alikuwa akigonga kitu sakafuni.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu," Mwalimu alisema. "Nilimgusa alfajiri, nikaona ana moto, nikamfunga kifuani nikatoka. Kiatu kimoja kilikatika njiani. Sikukiokota. Miaka arobaini na moja nimekuwa nikijiuliza jana yake nilikuwa nikifanya nini hata nisimwone. Nimeipekua siku hiyo mpaka imechakaa. Nilikuwa nikifua. Alikuwa akinitazama nikifua, anacheza na miguu yake. Hakuwa na kitu."

"Hakuwa na kitu," nikasema. "Niliisema jana ile kutoka kichwani mwangu."

"Sijakusamehe."

"Sikutegemea."

"Nitakusamehe au sitakusamehe, na pengine utakuwa umeshakufa. Hiyo ni juu yako."

"Ni juu yangu."

Alinyanyuka. Alinivuta shuka mpaka miguuni, kwa mazoea nadhani, akaona anachofanya, akaiachia. Alipofika mlangoni alisimama akinipa mgongo.

"Nilikimbia," akasema, kwa sauti iliyonyooka, kama anawasomea watoto ubaoni.

"Ulikimbia," nikasema. "Ulifika mtu wa nne asubuhi ile."